Bampa la Gari la Agosti

Ami Sefer hakuja kuomba gari. Alikuja kulichukua, ila kwa adabu. Alikaa uani chini ya mizabibu, akanywa kahawa mpaka kwenye machicha, akamsifu Donika kwa kahawa hiyo, akaulizia afya ya kila mtu aliyemkumbuka, ndipo akanyoosha kidole kwenye kitu kirefu kilichofunikwa turubai kando ya ukuta.

"Na hiyo maiti mtaizika lini?"

Petrit akacheka, kicheko cha mtu anayejua kinachokuja. "Ni gari la kaka, ami."

"Kwani nimesema ni la serikali? Huyo kaka yako mimi nimemtahirisha. Sikiliza. Kesho namwoza mwanangu na nina magari manane. Manane, Petrit! Yule mpumbavu wa Kavaja kanipigia sasa hivi, gari lake limekufa gia. Watu wanaenda kumchukua bibi harusi kwa hesabu ya witiri tangu dunia iumbwe, mimi niende na shufwa? Wakiachana kesho kutwa utawalea wewe?"

"Si upunguze moja, yawe saba," alisema Donika.

Ami Sefer alimtazama kama aliyeambiwa akatwe mguu ili viatu vyake vimtoshe. "Nimshushe nani, mwanangu? Wakwe zangu? Au ndugu waliotoka Ugiriki? Nitajie jina, niende nikamshushe."

Donika aliinua sinia akaingia jikoni. Kwenye kizingiti alikuta mama mkwe wake, Hanife, kakaa na beseni la pilipili, kainamisha kichwa kama asiyesikia. Donika alijua kwamba gari hilo limekwisha kwenda harusini. Kumnyima ami yako gari siku ya kuamkia harusi ni kujitoa mwenyewe kwenye ukoo, na mumewe hakuwa mtu wa kujitoa popote.

Lakini lilikuwa gari la Bardhyl. Kila kitu pale kilikuwa cha Bardhyl. Nyumba aliijenga yeye kwa jasho la Ujerumani. Ghorofa ya juu ilifungwa mwaka mzima ikimngoja yeye na mkewe Teuta, na Petrit na Donika waliishi chini pamoja na mama. Hata kile kiwanja cha kando ya barabara, chenye bomba na bango la LAVAZHI ambapo wawili hao waliosha magari ya watu kiangazi na masika, kilikuwa cha Bardhyl. Na mwezi uliopita Bardhyl alipiga simu akasema mwenye kituo cha mafuta anakitaka kiwanja hicho.

"Lakini nakufikiria wewe kwanza," alimwambia mdogo wake. "Nikija Agosti nitaona mlivyotunza vitu vyangu, halafu twende kwa mwanasheria tukuandikishe."

Tangu siku hiyo Petrit alikuwa akipiga turubai lile vumbi kila asubuhi. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, refu, la kutembelea Agosti tu, ili lile la Ujerumani lisichakae kwenye barabara za nyumbani. Sharti lilikuwa moja: liwashwe kila Jumapili injini isife, lakini lisivuke lango.

Jumapili ile lilivuka lango likiwa limefungwa taulo nyeupe kwenye vioo vya pembeni, la tisa kati ya tisa.

*

Ukweli ni kwamba Donika alifurahi. Tuseme wazi, maana mwenyewe aliona aibu kulisema baadaye. Alizoea kuingia kwenye magari ya namna ile kwa magoti, na mashine ya kufyonza vumbi mkononi, akitoa makombo ya watoto wa wengine. Siku ile alikaa kiti cha mbele na gauni lake la buluu, kioo kimeshushwa, honi zinalia mbele yake zote nane. Mpwa wa ami Sefer alikuwa amerusha kamera ile inayoruka kama nyuki mkubwa, na ilipopita juu yao Donika aliipungia mkono kama msichana.

Walimchukua bibi harusi, wakala pipi, wakalia machozi yanayotakiwa, wakaanza kurudi. Na kwa sababu bibi harusi harudishwi kwa njia ileile waliyojia waliokuja kumchukua, msafara ulikata kushoto ukashika njia ya mfereji. Njia ya mfereji ni ya matrekta. Kila mtu anajua ni ya matrekta, na kila harusi hupita huko, kwa kuwa ya tatu haipo.

Trekta lilikutana nao kwenye daraja dogo. Magari manane yalipita. Dereva wa trekta, aliyedhani yamekwisha au aliyechoka kungoja, akaingia darajani. Petrit akakata usukani, akabana ukingo wa zege, na Donika akasikia sauti kama mtu anayechana turubai taratibu bila haraka yoyote.

Petrit aliendelea kuendesha, mikono miwili kwenye usukani, mpaka uwanja wa karamu. Huko alicheza ngoma ya duara kama wengine. Donika alimwona akitabasamu kila alipozunguka upande wa watu, na tabasamu likizimika kila alipogeukia upande wa magari.

*

Rangi ya gari ilikuwa nzima. Kilichochanika ni bampa, kwenye kona ya kulia, na bampa la gari lile halikuwa la kupakwa rangi bali plastiki nyeusi tupu yenye vipele vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Mikwaruzo midogo ilikuwa mingi, myeupe. Katikati ulikuwepo mmoja wa kina, mrefu kama kiganja, na kingo zake zimenyanyuka.

"Ingekuwa la mteja ningelimaliza huku naimba," alisema Petrit.

Na alikuwa hasemi uongo. Kutoka vijiji vyote vya karibu na mji wa Lushnja watu walimletea mabampa yaliyopauka kwa jua mpaka yakawa rangi ya majivu, akayarudisha weusi. Asubuhi ile ya Jumatatu, na kaka yake alikuwa anafika kesho yake kwa meli ya kutoka Bari, Italia, alianza vizuri. Alimpigia muuza vipuri chakavu, akaambiwa bampa la aina hiyo labda wiki ijayo. Basi akaliosha la kwao, akalifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka safi. Akachukua ile mashine yake ya kupuliza hewa ya moto, akaipitisha juu ya mikwaruzo midogo huku akiitembeza muda wote, asiisimamishe, jinsi unavyopiga pasi hariri. Donika akaona ile michirizi myeupe inanywewa na plastiki mmoja baada ya mwingine. Weusi ukarudi. Petrit akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu darajani uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata usingizi.

"Umeona? Mafuta yako humo humo ndani. Ukiipa joto inayatoa."

"Na huo mkubwa?"

"Huo naukata kingo kwa wembe, naupa joto kidogo tu, nafunga mdomo wake. Litabaki kovu la kutafuta kwa tochi."

Akakata kingo. Akainamisha mashine. Ndipo simu ikalia kwenye mfuko wa shati, na aliyekuwa akipiga ni Bardhyl, na simu ya Bardhyl haiachwi ikilia.

"Naam, kaka!... Ndiyo, kaka, mama mzima... Tunawasubiri kwa hamu..."

Mkono wa kushoto ulishika simu. Mkono wa kulia ulishika mashine, na mkono huo ukafanya kama mwili wake mzima unavyofanya kila Bardhyl anapozungumza: ukasimama tuli. Donika alikuwa kwenye kamba akianika vitambaa. Alinusa kabla ya kuona. Alipopiga kelele, kona ya bampa ilikuwa imeshalainika, vipele vyote vimeyeyuka, na mahali pa mkwaruzo palikuwa na bapa laini linalong'aa kama kioo, kubwa kama sahani ya chai.

"Hapana, hakuna kitu, kaka," Petrit alikuwa akisema kwenye simu. "Ni Donika, kaona nyoka."

*

Vipele vya plastiki havipandwi upya. Petrit alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alijaribu msasa, bapa likawa la kijivu na baya zaidi. Jua lilipoanza kushuka alikaa chini mbele ya bampa, miguu kainyoosha kama mtoto.

"Tumwambie," alisema Donika. "Ni plastiki, Petrit. Hatujaua mtu."

"Nimwambie nini? Kwamba alisema lisivuke lango nami nikalifunga taulo? Atasema, ikiwa bampa limekushinda, kiwanja utakiweza?"

Mama Hanife alikuwa kaja taratibu na fimbo yake. Aliangalia lile bapa kwa muda, akaangalia wanawe wawili hawa, maana Donika naye alimhesabu. "Akiuliza, mwambieni," alisema. "Asipouliza, Mungu kasitiri."

Hivyo ndivyo walivyoingia kwenye mafuta. Penye kung'aa kote, kipande kinachong'aa hakionekani. Petrit alichukua mafuta ya alizeti ya jikoni, kwa kuwa dawa yake ya dukani ilikuwa imekwisha, akalipaka bampa zima, mbele na nyuma, akasugua mpaka likawa jeusi la kutisha. Walisimama langoni wakalitazama. Ukisimama mbali, na ukiwa hujui, lilikuwa gari la kupeleka rais msibani.

*

Bardhyl aliwasili akiwa amejaa jasho na zawadi. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, akalia kama anavyolia kila Agosti, akambusu Petrit mashavu yote mawili, kisha akalizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Limeng'aa," alisema.

"Tumelitunza, kaka."

"Naona."

Teuta alipita kati ya gari na ukuta na suruali yake nyeupe, akatokea upande wa pili na mstari mweusi pajani. "Yesu na Mariamu, hii ni nini?"

"Dawa, shemeji," Petrit aliharakisha. "Ya kung'arishia. Inatoka Italia."

Bardhyl alipitisha kidole kwenye bampa, akakinusa. Akakinusa tena. "Italia sehemu gani? Mbona inanukia pilipili za kukaanga za mama?"

Walicheka wote. Petrit alicheka kwa nguvu kuliko wote, akakimbilia kitambaa cha kumfuta Teuta, na Teuta akaudaka mkono wake kabla haujafika pajani. Donika aliiangalia miguu yake mwenyewe mpaka kicheko kikaisha.

Mafuta ya alizeti yana tabia mbili: yanavuta vumbi, na hayavumilii maji. Bardhyl alilitoa gari kila siku, kwenda ufukweni, kwenda kwa jamaa, kwenda mkahawani ambako mtu angeweza kufika kwa miguu kabla sigara moja haijaisha. Lilirudi jioni bampa limekuwa la unga, na kwenye kona ya kulia lile bapa likianza kuchungulia. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla madirisha ya juu hayajafunguliwa, Petrit aliteremka uani na ndoo, akaosha, akakausha, akapiga magoti, akapaka upya. Magoti ya suruali yake yaliota weusi usiotoka. Donika alinunua dawa ya kweli mjini, ikadumu siku mbili badala ya moja, lakini Petrit hakuiamini, aliendelea kuamka.

"Leo pumzika," Donika alimwambia. "Halikwenda popote jana."

"Umande," alijibu Petrit, naye tayari kavaa.

Kuhusu mwanasheria, Bardhyl hakusema. Petrit hakuuliza. Muuza vipuri alipiga simu kwamba bampa limepatikana. Petrit akamwambia kwa sauti ya chini asipige tena, kwa maana angelibadilishia wapi, mfukoni?

Badala yake Bardhyl alianza kuleta marafiki zake wa mkahawani pale lavazhini. "Mwoneni mdogo wangu, profesa wa plastiki. Petrit! Mpigie moto na huyu, lake limepauka kama mzee wa hospitali. Ni mtu wangu, usimtoze." Petrit alipiga magoti mbele ya mabampa ya marafiki, wateja wanaolipa wakangoja, wengine wakaondoka. Siku moja mvua ya ghafla ilimkuta Bardhyl mkahawani na gari limeegeshwa nje. Donika alimwona mumewe akitupa bomba chini, akichukua mwavuli mkubwa wa lavazhi na kukimbia nao barabara nzima. Alipomfikia, Petrit alikuwa amesimama pale mbele ya watu waliojaa barazani, kalowa chepechepe, kaushikilia mwavuli juu ya bampa.

"Petrit!" Bardhyl alimwita kutoka mezani. "Unaogopa lisije likapata mafua?"

Baraza zima likaangua kicheko. Petrit naye akacheka. Donika alitaka kumnyang'anya mwavuli ule, au kumpiga nao, au kumpiga yule mwingine. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alishika upande wa pili wa mwavuli, kwa kuwa upepo ulikuwa unauinua.

*

Siku ya kuondoka, Petrit alikuwa nje akifunga mizigo juu ya gari la Ujerumani: jibini, chupa za pombe ya raki, magunia ya pilipili. Donika alipanda juu kutandua mashuka. Bardhyl alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa, na hakugeuka.

"Mwambie Petrit alifunike lile jeusi vizuri," alisema. "Turubai lina tundu."

"Nitamwambia, shemeji." Akakunja shuka moja. Akalikunjua. Kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angeuliza, akauliza. "Na habari ya mwanasheria?"

"Mwakani."

"Mwaka huu ulisema..."

"Mwakani, shemeji. Tutaona."

Donika akasogea karibu ili amwone usoni, na hapo ndipo alipoona kile Bardhyl alichokuwa anakiona. Chini, moja kwa moja chini ya dirisha, lilikuwa gari jeusi, na kona yake ya kulia. Hata nyasi zilizokufa mahali pa magoti ya Petrit zilionekana.

"Lilikuwa la ngapi?" aliuliza Bardhyl.

"Nini?"

"Gari langu. Kwenye msafara. Nilihesabu tisa, lakini picha ilikatika kidogo." Alikunywa kahawa. "Yule mpwa wa ami aliirusha moja kwa moja mtandaoni. Tuliangalia Ujerumani nyumba nzima, na majirani. Ulikuwa umeshusha kioo, shemeji. Ulipunga mkono. Nikamwambia Teuta, mtazame Donika alivyofurahi."

Donika aliliacha shuka. Akakaa kwenye godoro lililotanduliwa.

"Ulijua toka siku ya kwanza."

"Nilijua kabla sijapanda meli, hata daraja na trekta vilionekana. Njiani nilikuwa nawaza, atanipokea langoni aniambie, kaka, nimelikwaruza. Nami ningemwambia, pumbavu wewe, ni plastiki, tuingie tunywe." Alikizungusha kikombe mkononi. "Hakuniambia. Nikasema, kesho. Kila asubuhi nilikuwa nasimama hapa. Namngoja."

"Unamngoja," alisema Donika. Akainuka godoroni. "Mdogo wako kapiga magoti alfajiri mwezi mzima, na wewe uko juu na kahawa unamngoja. Dirisha hili halifunguki, shemeji? Ulikosa kuita jina lake?"

Nje Petrit aliita kwamba mizigo tayari, kaka, na kwamba kamba ameifunga mara mbili. Bardhyl akaweka kikombe juu ya ukingo wa dirisha.

"Mkubwa haanzi kusema," alisema, akashuka ngazi.

Langoni alilia kama anavyolia kila mwaka. Mama Hanife alimwaga maji nyuma ya gari ili safari iwe nyepesi. Petrit alipunga mkono mpaka barabara ikabaki tupu, kisha akaenda kushona tundu la turubai.

*

Alfajiri iliyofuata Donika aliamshwa na sauti ya ndoo. Alikuwa hajalala vizuri. Usiku kucha alikuwa na maneno ya Bardhyl kifuani na hakujua ayaweke wapi. Akiyatoa, mumewe angefia palepale kwa aibu. Akiyameza, mumewe angesugua plastiki ile mwaka mzima.

Alitoka na shali mabegani. Turubai lilikuwa limekunjwa nusu. Petrit kapiga magoti kwenye nyasi zilezile zilizokufa, chupa kando, kitambaa kinakwenda na kurudi.

"Kaka yako yuko melini," alisema Donika. "Unampakia nani?"

"Ikikaa kavu inapauka. Mwakani atakuja aione."

"Petrit." Akavuta pumzi. "Alikuwa anakuona. Kule juu, kila siku."

Kitambaa hakikusimama.

"Najua," alisema Petrit. "Nilikuwa namwona kwenye kioo cha mbele, na kikombe chake. Tangu asubuhi ya kwanza."

"Unajua? Na ukaendelea?"

"Nilikuwa nangoja aniulize."

Donika alisimama pale hata baridi ya umande ikapenya viatu. Alitazama juu. Dirisha lilikuwa limefungwa, pazia limeshushwa, na ukingoni, kati ya kioo na pazia, kile kikombe kilikuwa bado kimekaa mahali kilipowekwa. Barabarani mteja wa kwanza alipiga honi mbele ya bango la lavazhi, mara moja, halafu mara mbili, na Petrit hakugeuka, kwa kuwa kona ya kulia ilikuwa bado.

"Sogea," alisema Donika. Akachukua kitambaa cha pili, akapiga magoti upande wa kushoto.